Mashimo ya Njia ya Musonoi

"Muzaha wangu mi haujaumiza mutu hata siku moja," Dodo Kyungu aliwatangazia wagonjwa wenzake, akiwa amekaa kitandani na mguu wake wa plasta umenyooka mbele yake kama bomba la maji. "Toka Manono mpaka Kolwezi. Mutafute mutu mumoja tu mwenye alilia ju yangu. Mukimupata, nitakula hii plasta na chumvi."

Wodi ya wanaume ilicheka. Na ilikuwa na haki ya kucheka, maana tangu Dodo aletwe katika hospitali ile, hata Blandine, muuguzi asiyecheka na mtu, alikuwa akichelewa makusudi kati ya vitanda ili asikie mwisho wa hadithi. Dodo aliweza kumwiga daktari akisoma picha ya mfupa kichwa chini. Aliweza kumwiga mchungaji wa barabarani ambaye megafoni yake imeisha betri. Lakini kazi yake bora kabisa, ile aliyoombwa kuirudia kila jioni, ilikuwa sauti ya jirani yake wa kitanda cha chini ya dirisha, mzee Polycarpe. Ilikuwa sauti nzito yenye mikwaruzo, inayopanda polepole na kupumzika kila baada ya maneno matatu, kama treni iliyojaa mawe ikipanda mlima. Na hilo halikuwa ajabu, kwa sababu Polycarpe alikuwa ameendesha treni ya mawe ya shaba maisha yake yote, mpaka alipopewa pensheni na uvimbe kwenye uti wa mgongo, vyote viwili karibu wakati mmoja.

Mzee hakukasirika kuigwa. Yeye na Dodo hawakuwa na undugu wa damu, ila wote walikuwa Baluba wa kaskazini, na umri wa mmoja ulitosha kumfanya nkambo, yaani babu, wa mwingine. Hiyo inatosha. Kwa desturi yao nkambo na mjukuu hutaniana bila mpaka, na mjukuu ana haki ya kumwita bibi mke wake. Kwa hiyo Dodo alimwita Mama Ernestine, mke wa Polycarpe, "muke wetu," naye Ernestine alimwita "bwana mudogo," na Polycarpe alimwita mume mwenza na kumtishia kumpeleka mahakamani.

Bila Ernestine, Dodo angekonda. Hospitali zetu hutoa kitanda na sindano. Chakula ni shauri la ndugu. Ndugu huyo huja na mkeka, sufuria na makaa, akawa jiko, dobi na saa ya kumeza dawa, na anaitwa garde-malade. Kila mgonjwa alikuwa na wake, isipokuwa Dodo. Mama yake alikuwa Manono, na njia ya Manono ni njia ya kuombewa. Rafiki yake Mukendi angekuja siku ile ile, tena mbio, lakini Mukendi alibaki chini ya shimo lile lile la Mutoshi lililovunja mguu wa Dodo. Walikuwa wawili kule chini wakichimba kobalti, bega kwa bega, na udongo ulipoanguka ukachagua. Juu ya jambo hilo Dodo hakuwa na mzaha wowote, na kwa kuwa hakuwa na mzaha, hakulisema. Waliomuuliza aliwajibu: "Mi nilisinzia, nikaamuka na muguu mupya wa mawe."

Ernestine hakuuliza. Alianza tu kusonga bukari, ugali wa kwao, kubwa zaidi, na kuikata katikati.

Sasa Polycarpe alikuwa na tabia moja iliyomshinda Dodo kuielewa. Kila asubuhi Blandine alipomgeuza ili amwoshe, maumivu yalimpanda mzee mpaka midomo ikabadilika rangi. Hapo alishika chuma cha kitanda, akafumba macho, na kutaja jina la mtu. Leo Tatiana, kesho Papy, keshokutwa jina lingine.

"Nkambo," Dodo alimwambia siku moja, "kila asubuhi unaita batu na hawakuyi. Badilisha numero ya simu."

"Sibaite. Nabapa."

"Unabapa nini?"

"Haya maumivu. Inakuya tu, nikitaka ao nisitake. Sasa nitaiacha ipotee bure? Naipana kwa Yesu, namuambia: ya leo, Bwana, iko ya Tatiana, mutoto wangu wa Kisenge, mimba yake inamusumbua. Ichanganye na ya kwako ya musalaba, umutumie."

Dodo alitafakari. "Kwa hiyo Tatiana kule Kisenge anashituka mugongo unauma."

"Mujinga. Yesu alipotundikwa, wewe ulipata misumari?"

"Hapana."

"Ulipata nini?"

Dodo, ambaye alilelewa katika kanisa la Kiprotestanti na alijua tangu utoto kwamba jibu ni wokovu, alikuna plasta yake. "Sawa. Lakini niambie kweli. Ni Mungu njo alikutumia huo uvimbe, ili upate kitu cha kugawa?"

"Nani alikuambia maneno ile? Ule muchungaji wako wa megafoni?" Mzee alipumzika, akapanda tena mlima wake. "Mungu hakunitupia uvimbe. Mwili ni kama mashine, inachoka, inaharibika. Lakini mi, siku nilianguka chini kabisa, siku sikuweza hata kujigeuza, nilimukuta huko chini. Alikuwa amefika mbele yangu. Njo ile tu naijua. Sasa funga kinywa, muke wangu analeta bukari."

"Muke wetu."

"Na huyu muke ameficha chumvi tena," Polycarpe alinung'unika, maana daktari alikuwa amemkataza chumvi, na kuhusu chumvi hakuwa mtakatifu hata kidogo. Ernestine akigeuka tu, alimkonyeza Dodo apitishe kijipakiti.

Operesheni ya mzee ilipangwa Ijumaa alfajiri. Daktari alisema wazi kwamba hawezi kuahidi kitu. Polycarpe alipokea habari ile kwa utulivu mkubwa, kisha akawauliza watu wanne kama mlango wa chumba cha operesheni unafungwa kwa ndani. Aliogopa. Jambo moja tu alilitaka kabla ya kupelekwa huko: padri aje ampake mafuta matakatifu ya wagonjwa.

"Nimeendesha treni miaka yote ile," alimwambia Ernestine. "Sikutoka mu kituo hata siku moja bila kuonyeshwa bendera. Na hii safari pia sitoke bure."

Ernestine akaenda parokiani, akaacha habari: wodi ya wanaume, kitanda cha chini ya dirisha, Alhamisi mchana.

Alhamisi ikanyesha. Mvua ya Kolwezi haipigi hodi; ilipiga mabati mpaka watu wakaacha kuzungumza, na maji yakaanza kudondoka juu ya kitanda cha chini ya dirisha. Dodo alisema yeye ni creuseur, mchimbaji wa mashimo, maji ni chai yake, akahamia pale na kumwachia mzee kitanda chake kikavu. Ni jambo jema alilofanya, liandikwe kabla ya yale yanayofuata. Baadaye kidogo Polycarpe akapelekwa kwenye radio, kupigwa picha ya mwisho ya mgongo, Ernestine akisukuma kiti cha magurudumu. Dodo akajifunika blanketi mpaka kichwani kwa sababu ya matone, na alikuwa karibu kusinzia aliposikia viatu vyenye maji vikisimama kando ya kitanda.

"Tata Polycarpe?" sauti ya kijana iliuliza. "Mi ni Abbé Baudouin, kutoka parokia. Nilikuya kidogo na mbio, ju nangojewa Musonoi kabla njia haijakatika."

Hapa mtu mwenye akili angefunua blanketi. Dodo alikuwa na akili, lakini pia alikuwa na wodi nzima inayomtazama, na kitu hicho cha pili kilimzidi nguvu.

"Njo mi, mon père," alikubali kwa sauti ya treni.

Kitanda cha tatu kikakohoa. Cha tano kikauma shuka.

"Pole, Tata. Mama alisema kesho ni operesheni. Unaogopa?"

"Naogopa tu... bukari ya bila chumvi."

Padri, mgeni katika parokia ile, alidhani mzee anaweweseka kwa dawa. Akavaa stola yake shingoni, akaweka mkono juu ya blanketi mahali alipokisia kichwa kipo, akanyamaza kitambo. Kisha akasali. Dodo alishusha blanketi kiasi cha kutoa paji la uso tu, akatoa na mikono yake miwili, na kubana macho ili asicheke. Mafuta yalikuwa na baridi kidogo.

"Mikono yako bado ina nguvu, Tata," padri alisema, akipaka viganja vilivyojaa sugu.

"Ni breki za treni, mon père."

Padri alipotoka na kofia yake ya pikipiki mkononi, wodi ilipasuka. Waliokuwa na mbavu zilizovunjika walilia kwa kucheka na kwa mbavu. Dodo alifunua blanketi, akawabariki wote pande nne, na bado alikuwa akibariki kiti cha magurudumu kilipoingia mlangoni.

Polycarpe alikuwa amevalishwa shati jeupe lililopigwa pasi. Ernestine alikuwa ameligharimia makaa mengi asubuhi ile.

"Mon père amefika?" mzee aliuliza. "Tumeona pikipiki ya parokia inatoka."

Kitanda cha tatu kilitazama dari. Ernestine aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, mpaka akafika kwenye paji la uso la Dodo linalong'aa mafuta, macho yakabaki hapo.

"Mama," Dodo alisema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ghafla ilikuwa nyembamba, "ulikuwa muzaha. Alikuwa na haraka, nikafikiri... Mi nilikuwa na blanketi. Batu balikuwa nacheka."

Alisubiri mzee amtukane. Ndivyo utani ulivyo: ukipita mpaka unatukanwa, unalipa faini ya kuku, watu wanacheka, yamekwisha. Lakini Polycarpe hakumtukana. Aliomba alazwe, na alipolazwa akajigeuza polepole, kwa nguvu zake mwenyewe, akaelekea ukutani.

Ernestine alikunja blanketi la miguu. "Dodo Kyungu," alisema, naye hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Ungecheka mi. Ungecheka bukari yangu, ungecheka uzee wetu. Ile njo tulikupa ucheke. Lakini hii hatukukupa."

Alitoka nje na simu. Walimwona kupitia dirisha, chini ya ukingo wa paa, akipiga na kupiga. Simu ya padri ilikuwa imezimwa. Wa parokia walimjibu kwamba amekwenda Musonoi na atalala huko, arudi Ijumaa kwa misa ya asubuhi. Na Ijumaa asubuhi Polycarpe angekuwa tayari nyuma ya ule mlango aliouulizia.

Dodo alisikia yote. Aliutazama mgongo wa mzee ndani ya shati jeupe, ukipanda na kushuka. Blandine alipoingia chumba cha pili na sinia ya dawa, Dodo alichukua magongo yake mawili akatoka.

Mwendo wa kutoka kitandani mpaka lango la hospitali ulimmaliza jasho. Nje, waendesha taxi-moto walikuwa wamejibanza chini ya kibanda cha muuza vocha. Mmoja aitwaye Gael, aliyevaa koti la mvua lenye kiraka, alimtazama kutoka chini mpaka juu.

"Mudogo, uko natoroka daktari?"

"Nipeleke Musonoi."

"Na ile muguu utaiweka wapi?"

"Mbele. Tutawaogopesha bakamioni."

"Na mi nitakaa wapi?"

Walijaribu namna kadhaa, huku wenzake Gael wakishauri kwa furaha kubwa. Mwisho Dodo alikaa nyuma kiupande, kama mama anayekwenda misa, plasta ikiwa imetangulia kando ya goti la Gael, na magongo yakafungwa kwa mpira ubavuni mwa pikipiki. Wakaondoka.

Anayeijua njia ya Musonoi wakati wa mvua hahitaji kuelezwa, na asiyeijua hatasadiki. Makamioni ya mawe yameikula njia hiyo mpaka mifupa. Mashimo mengine yana maji na huwezi kujua kina chake mpaka uwe ndani. Shimo la kwanza lilimfanya Dodo aone nyota mchana.

"Polepole, manseba," alimsihi Gael akimwita mjomba, meno yamebana.

"Polepole njo hii."

Shimo la pili. Maumivu yalianzia kisigino, yakapanda kwenye paja, yakaingia mpaka kwenye taya. Dodo alitafuta mzaha wa kuyajibu, kama alivyozoea. Ule wa kwanza uliomjia ulikuwa ni wa kumwiga Polycarpe, bila shaka. Akafumba macho, akashika chuma cha nyuma cha pikipiki, na akasema kwa sauti ya treni, ili acheke mwenyewe: "Hii iko ya Nkambo."

Hakucheka. Sauti ile ilipotoka kinywani mwake ilimshangaza, kwa sababu haikutoka kama mzaha. Shimo la tatu lilipowapokea, alisema kwa sauti yake ya kawaida: "Hii iko ya Mama Ernestine." Kisha moja ya Tatiana wa Kisenge, ambaye hakumjua. Moja ya Blandine, aliyekuwa bila shaka anamtafuta sasa hivi chini ya vitanda. Mbili za mama yake, maana Manono ni mbali. Gael alikuwa akigeuza kichwa kila mara.

Maumivu hayakupungua. Lazima hilo lisemwe, asije mtu akavunja mguu wake ili ajaribu. Yaliuma vilevile, ila hayakuwa tena kama takataka mtu aliyomwagiwa mlangoni. Yalikuwa na mahali pa kwenda. Na Dodo alipata hisia moja ya kijinga, ambayo hangemwambia mtu yeyote: kwamba kwenye pikipiki ile hawakuwa wawili. Kolwezi tunapanda watatu, kila mtu anajua, yule wa tatu anajibana nyuma kabisa na kukushika mabega usianguke. Ndivyo alivyohisi. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa amelowa kama wao.

Karibu na kingo za mashimo makubwa ya mgodi, kamioni moja iliwapita na kuwamwagia matope. Gael akayumba, gurudumu likadumbukia mahali pasipo na chini, na plasta ya Dodo ikagonga chuma. Ilipasuka kisiginoni. Kilichotoka mdomoni mwake hakikuwa yowe. Lilikuwa jina.

"Mukendi."

Alikuwa hajalitamka tangu siku ile. Lilipotoka halikutaka kusimama, likafuatwa na mengine yote aliyokuwa ameyakalia: giza lile, mkono wa Mukendi uliokuwa umeshika wake, joto la mkono ule, na namna ulivyoacha kushika. Dodo aliinamisha paji la uso kwenye koti la mvua la mtu asiyemjua. Kule chini kwenye giza hakuona malaika wala mwanga. Lakini maneno ya mzee yalimrudia, kwamba kuna Mmoja anayefika chini mbele yetu. Basi Mukendi hakufa akiwa na Dodo peke yake. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria. Mvua iliendelea kunyesha, jambo ambalo lilimfaa sana mtu aliyekuwa na uso wa kuficha.

Abbé Baudouin alikuwa katika kanisa dogo la Musonoi, akifundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, alipomwona mlangoni kijana wa matope mwenye magongo mawili na mguu mmoja mweupe.

"Mon père, ulipaka mutu mubaya mafuta."

"Nani?"

Dodo alishindwa kueleza, akaona njia fupi ni ile ile ndefu. "Njo mi, mon père," alisema kwa sauti ya Polycarpe. "Naogopa tu bukari ya bila chumvi."

Wakatekumeni walicheka. Padri hakucheka. Alimtazama mikono, kisha paji la uso. "Nilijiuliza namna gani muzee wa hivyo hana mukunjo hata moja," alisema taratibu. "Unajua kitu ulifanya?"

"Sikujua. Mi ni Muprotestanti."

"Ile haiko sababu."

"Haiko, mon père. Njo maana nimekuya mi mwenyewe, sikutuma mutu. Banamuingiza kesho alfajiri. Anaogopa, na amegeukia ukuta."

Padri aliitazama plasta iliyopasuka na vidole vya mguu vilivyovimba kama ndizi. Alifunga kitabu, akawaambia wakatekumeni wasali mpaka mwisho bila yeye, akavaa kofia ya pikipiki ambayo bado haijakauka.

Walirudi kwa pikipiki mbili, padri mbele. Waliingia wodini kabla taa hazijawashwa, Dodo akiwa ameegemea bega la padri, kwani kwa haraka waliyokuwa nayo gongo moja lilisahauliwa likiwa bado limefungwa kwa Gael. Blandine alifungua mdomo aanze kugomba, akaona stola, akaufunga, akaenda kutafuta bandeji.

"Tata Polycarpe," padri aliita kutoka mlangoni, na safari hii alikwenda mpaka kitandani, akainama, akamwangalia mtu usoni. "Njo wewe kweli?"

"Njo mi," mgongo ulijibu. Kisha mzee akageuka.

Alipakwa mafuta mbele ya wodi nzima. Wodi ile, Wakatoliki na Waprotestanti na wale wa megafoni, iliitikia kila sala kwa sauti, pengine kwa aibu ya mchana, pengine kwa kupenda. Ernestine alishika mguu wa mumewe juu ya blanketi. Padri aliposhuka kwenye viganja, Polycarpe aliviangalia mwenyewe kwa makini, kama mtu anayehakikisha kwamba ni vyake. Uso wake ulilegea. Hakuuliza tena habari za mlango.

Padri alipokwisha kwenda, Polycarpe aliinua kidole kimoja. "Mume mwenza. Kuya hapa."

Dodo alisogea, akishika chuma cha kitanda. "Nkambo, uko na kasirani?"

"Niko nayo. Itaisha. Utaleta kuku, iishe mbio." Alipumzika. "Sikiliza. Muchana, niliposema na ukuta, mugongo uliniuma kupita siku zote. Kinywa kikatafuta jina. Likakuya la kwako. Nikalikataa, nikamuambia Bwana anipe ingine. Hapana, la kwako tu. Mwisho nikasema: haya, hii iko ya ule mujinga, umufanye unachotaka. Nilisema na kasirani, lakini nilisema." Alimtazama. "Ulisikia kitu, mu njia?"

Wodi nzima ilimkodolea macho. Na Dodo, watu wakimtazama hivyo, alirudi kuwa Dodo.

"Mi? Nisikie nini? Njia ilikuwa muzuri. Nilipunga hewa. Muguu haukuuma hata kidogo, nilisinzia mpaka Musonoi kama mutoto mugongoni."

"Ulisinzia?"

Wote waligeuka. Gael alikuwa amesimama mlangoni akidondosha maji, gongo la pili mkononi.

"Huyu njo alisinzia?" Gael aliwauliza wagonjwa, kwa mshangao wa kweli kabisa. "Njia yote alikuwa naniitia batu. Shimo moja: 'Hii iko ya Nkambo.' Shimo moja: 'Hii iko ya Mama Ernestine.' Mwanzo nilifikiri ananionyesha mahali pa kusimama, tupandishe batu."

Kicheko kilianza kitanda cha tano na kuzunguka. Ernestine alijifunika mdomo kwa kitenge. Polycarpe alijaribu kuinuka kwenye kiwiko.

"Ya Nkambo ilikuwa shimo kubwa?"

Gael alifikiri. "Ya katikati, Tata."

"Mumuone huyu," Polycarpe aliiambia wodi. "Mi nimemupa mugongo muzima, yeye ananipa shimo ya katikati."

Hata Blandine alicheka, bandeji mkononi. Dodo naye alicheka, masikio yakimwaka, akanyoosha mkono kuchukua gongo lake ili mambo yaishie hapo. Lakini Gael alikuwa bado analishikilia.

"Na Mukendi njo nani?" aliuliza. "Ju shimo kubwa kabisa ulimupa yeye. Toka pale ulilia mu koti yangu mpaka Musonoi."

Kicheko kilikatika. Dodo alifungua kinywa akitafuta sauti ya kuazima, ya daktari au ya mchungaji, yoyote. Ernestine alikuwa tayari ameburuta kigoda chake mpaka kando ya kitanda cha mumewe, akakipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Kaa, bwana mudogo," alisema. "Utusimulie juu yake."